Kompyuta Inawaka kwa Betri, Lakini Chaji Haiingii

MWALIMU: Wasikilizaji, karibuni. Leo tunazungumzia kompyuta mpakato inayofanya kazi vizuri kwa betri, lakini ukiichomeka kwenye umeme chaji haiingii. Naomba nianze na yangu, kwa kuwa Fundi ndiye aliyeitibu. Nilikuwa ninajumlisha alama za wanafunzi, chaja imechomekwa tangu asubuhi na taa yake inawaka, nami nikaamini kwamba betri inajaa. Kumbe asilimia zilikuwa zimesimama kwenye 9, na nilipochomoa waya ili nihamie meza nyingine, mashine ikazima kabla sijamaliza darasa moja. Dukani nilikoipeleka niliambiwa kwamba betri imekufa, nikanunua mpya.

FUNDI: Na mpya ikafanya kazi siku ya kwanza.

MWALIMU: Ilifanya kazi saa moja na dakika kadhaa, nikashukuru Mungu. Baada ya hapo ikaisha, na haikupanda tena.

FUNDI: Hapo ndipo wengi hudanganyika, Mwalimu, na huniuma kwa sababu ni fedha za watu. Betri mpya haiji tupu. Tangu 2016, kanuni za usafiri wa anga zinataka betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kwa ndege zisiwe zimechajiwa zaidi ya asilimia 30 ya uwezo wake, hivyo ile saa moja uliyoifurahia ilikuwa chaji iliyotoka nayo kiwandani, wala haikupita kwenye chaja yako hata kidogo. Ndiyo maana kabla ya kushika bisibisi huuliza swali moja: ukichomeka chaja, je, kompyuta yenyewe inajua kwamba imechomekwa?

MWALIMU: Uliponiuliza hivyo sikuona linahusiana vipi na betri.

FUNDI: Ni swali linalogawa njia. Ikiwa alama ya plagi haitokei kabisa, umeme haufiki, na kazi yako ni kufuata njia yake kuanzia soketi ya ukutani, waya, tofali la chaja, yaani kile kisanduku kilicho katikati ya waya, hadi tundu la kompyuta, ambalo mara nyingi utalikuta linacheza kwa sababu limeachia risasi ya kulehemu kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Lakini ikiwa alama inatokea, na Windows inakuandikia kwamba imechomekwa ila haichaji, umeme umeshafika mlangoni na kuna kitu kimekataa kuupeleka kwenye betri. Yako ilikuwa ya namna hii ya pili.

MWALIMU: Kitu hicho kinakataa kwa sababu gani?

FUNDI: Wakati mwingine ni kwa sababu kimeamriwa. Kompyuta nyingi siku hizi zina mpangilio wa kulinda betri unaositisha chaji ikifika asilimia 80, na nyingine 60, na mtu asiyejua kwamba umewashwa huja kwangu akiwa na hofu bure. Joto nalo huchangia, kwa kuwa betri za lithiamu-ioni kwa kawaida huzuiwa kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0 au juu ya nyuzi 45 hivi, na kompyuta iliyowekwa juu ya godoro hupata joto upesi. Yako ilikuwa imesimama kwenye 9, tena haikuwa na joto, ndipo nikaigeukia chaja.

MWALIMU: Chaja ambayo taa yake ilikuwa inawaka.

FUNDI: Naam, na hata mita ya kupimia umeme iliisifu. Niliiweka kwenye volti za umeme mnyoofu, ncha nyekundu ndani ya plagi na nyeusi kwenye ukuta wake wa nje, ikasoma 19.5, sawasawa na lebo. Ningeishia hapo ningesema chaja ni nzima. Ila plagi yako ina sindano nyembamba katikati, na sindano hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni utambulisho. Kwenye kompyuta nyingi za Dell zenye tundu la duara, kama yako, chipu ndogo iliyo ndani ya chaja huiarifu kompyuta kupitia sindano hiyo kwamba hii ni chaja ya wati 65, au 90. Kompyuta isipopata jibu, hujizuia: inaendelea kuwaka kwa umeme wa chaja, inapunguza kasi ya prosesa, na haichaji betri, kwa sababu kuchaji ni mzigo wa ziada na haijui chaja hiyo inamudu kiasi gani.

MWALIMU: Kumbe ndiyo sababu ilikuwa nzito siku zile. Mimi nilidhani ni virusi.

FUNDI: Nilibonyeza F2 wakati inawaka, nikaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, nikakuta chaja imeandikwa kuwa haijulikani. Nikaukunja waya shingoni mwa plagi, nikaushikilia hivyo, nikachomeka upya. Ikasoma wati 65. Nilipouachia na kuchomeka tena, haikusoma kitu. Tulipochuna mpira wa nje, mapito mawili ya umeme yalikuwa mazima, na ule waya wa tatu, mwembamba kama uzi wa kushonea, ulikuwa umekatika.

MWALIMU: Nilikuwa ninauzungusha kwa kuukaza kwenye tofali la chaja kila jioni.

FUNDI: Shingo ndiyo huumia kwa mkazo huo. Zungusha kwa ulegevu, uache kitanzi karibu na plagi.

MWALIMU: Na wenye USB-C, lile tundu dogo kama la simu za kisasa?

FUNDI: Huko nako pana makubaliano. Chaja huanza na volti 5, ikapanda, mara nyingi hadi 20, baada ya kuelewana na kompyuta, kwa hiyo chaja ya simu ya wati 18 inaweza kuingia tunduni na kompyuta isiipokee. Kebo nayo isiyo na chipu yake huishia ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, hata ukiifunga kwenye chaja ya wati 100. Azima chaja na kebo unazoziamini kabla ya kununua chochote. Ikishindikana, zima mashine, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha ujaribu tena. Zaidi ya hapo ni fyuzi na mosifeti, yaani swichi ndogo za umeme, za ubaoni, kazi ya fundi mwenye vifaa. Na ukiona betri imevimba, usijaribu lolote kati ya haya. Zima, chomoa, iondolewe.

MWALIMU: Na ile betri yangu ya zamani iliyohukumiwa?

FUNDI: Niliirudisha baada ya kupata chaja nyingine, ikajaa. Nikaandika amri ya Windows ya powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya betri, nikalinganisha: iliundwa kubeba wati-saa 42, na bado inabeba 35.

MWALIMU: Basi ile mpya je?

FUNDI: Ipo kwenye droo yangu mahali pasipo joto, nimeiacha ikiwa na chaji nusu. Nitakuwa ninaipima kila baada ya miezi michache mpaka utakapoihitaji.