Kurusha Glaida kwa Winchi: Kazi ya Mshika Bawa

Karibuni. Glaida ni ndege isiyo na injini, na winchi ni mashine iliyo upande wa pili wa uwanja inayoivuta kwa kebo mpaka ipae. Video hii ni ya wasaidizi wapya wanaofika uwanjani wikendi na kupewa kazi ya kufunga kebo na kushika bawa. Msiidharau kazi hii. Rubani akishafunga mikanda haoni mkia wake wala kinachokuja nyuma yake. Wewe unaona vyote.

Anzia mkiani. Kigari hiki kilichofungwa chini ya mkia ndicho tulichotumia kuisogeza glaida hadi hapa. Kiondoe, ukiweke pembeni mahali ambapo rubani atakiona kwa macho yake. Kikisahaulika, uzito unahamia nyuma, pua inanyanyuka kupita kiasi, na rubani anaweza kushindwa kabisa kuishusha. Kukiondoa ni kazi ya sekunde chache tu, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Sasa tuje kwenye kebo. Kwenye ncha yake kuna kiparachuti cha kuishusha kebo taratibu ikishaachiwa, halafu kiungo dhaifu, halafu pete mbili zilizoshikana: kubwa yenye umbo la yai na ndogo ya mviringo. Kiungo dhaifu ni kipande cha chuma kilichotengenezwa kikatike kabla mvuto haujaiumiza glaida. Rangi ndiyo inayokuonyesha nguvu yake. Kwa viungo vya kampuni ya Tost, cheusi ni daN 1000 (dekanyutoni, kipimo cha nguvu ya kuvuta; daN 1 ni karibu uzito wa kilo moja), cha kahawia 850, chekundu 750, cha buluu 600, cheupe 500. Rangi inayotakiwa utaipata kwenye kitabu cha glaida. Ukiweka chenye nguvu kuliko inavyotakiwa, hakitakatika mzigo ukizidi, na mabawa ndiyo yatakayoubeba. Ukiweka kilicho dhaifu mno, kitakatika glaida ikiwa inapanda. Angalia hiki kwa karibu: tundu la bolti limerefuka, si duara tena. Hiki hakirudi kazini.

Glaida nyingi zina kulabu mbili. Ya puani ni ya kuvutwa na ndege. Kwa winchi tunatumia ya tumboni, karibu na gurudumu. Kabla ya mruko wa kwanza wa siku, ijaribu: funga pete, kisha ivute kuelekea nyuma. Kulabu lazima ifunguke yenyewe, bila rubani kugusa kitu. Isipofunguka, glaida hiyo hairuki.

Subiri rubani amalize ukaguzi wake: kanopi, yaani kifuniko cha kioo juu ya kiti chake, imefungwa, na breki za hewa, yaani vibao vya kwenye mabawa vya kupunguza mwendo, zimekomewa. Usimharakishe hata kama foleni ni ndefu. Sema "Fungua!" Anavuta kitasa cha njano kinachofungua kulabu. Ingiza pete ndogo. Sema "Funga!" Anaachia. Ivute kebo mbele kwa nguvu, uhakikishe imeshika.

Nenda kwenye ncha ya bawa. Tazama juu, mbele, na zaidi nyuma: kuna glaida inayokuja kutua? Kuna mtu anavuka njia? Rubani akionyesha yuko tayari, inua bawa liwe sawa. Hapo ndipo ishara ya kukaza kebo taratibu inapopelekwa kwa mwendesha winchi. Kebo ikishanyooka na glaida ikaanza kutikisika, ishara ya kuvuta kwa nguvu inafuata.

Shika ncha kwa kiganja tu. Usilisukume bawa, wala usilivute nyuma, maana glaida itageuka upande wako. Kimbia nayo hatua chache, halafu liache bawa liende lenyewe. Mvuto wa winchi ni mkali. Ukijaribu kulifuata utaliyumbisha. Bawa likigusa ardhi, rubani lazima aachie kebo papo hapo, kwa sababu glaida inaweza kubingirika.

Kuna hitilafu moja ya kuangalia kebo inapokazwa: winchi ikishtuka, glaida inaweza kusonga mbele na kuikanyaga kebo, nayo ikajizungusha kwenye gurudumu. Ukiona hivyo, piga kelele "Simama!" Neno hilo si la kiongozi wa uwanja peke yake. Yeyote akilisema, shughuli inasimama, rubani anaachia kebo, na bawa linashushwa chini.

Glaida ikishapaa, baki pembeni. Kebo ikikatika, rubani atashusha pua kwanza ili apate mwendo, halafu huenda akatua hapohapo mbele. Mpaka kiparachuti kimetua na winchi imesimama, hakuna anayeivuka wala kuigusa kebo.