Wahamiaji 400,000 kwa Mwaka: Nani Alipiga Hesabu Hiyo Ujerumani?

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi kule Berlin, Septemba 2024, swali tunaloletewa ni lilelile: je, Wajerumani wanatuhitaji kweli? Kaka Hamisi anasema jibu tulitafute kwa watafiti, tuwaache kwanza wanasiasa.

HAMISI: Ndiyo, dada. Mjini Nürnberg kuna taasisi inaitwa IAB, inayochunguza soko la ajira. Ilianzishwa mwaka 1967 ndani ya shirika la serikali la ajira, lile linalowatafutia watu kazi na kuwalipa posho wanapokosa. Mwaka 2021 watafiti wake walipiga hesabu: waliozaliwa kwa wingi miaka ya 1950 na 1960 wanastaafu, na vijana wa kushika nafasi zao hawatoshi. Ili nguvu kazi isipungue, nchi inahitaji wahamiaji 400,000 kila mwaka, ukishatoa wanaoondoka.

REHEMA: Hapo kwenye "ukishatoa wanaoondoka" ndipo wengi wanapopitwa.

HAMISI: Wengi sana. Wakiingia 400,000 na wakaondoka 300,000, umebaki na 100,000 tu. Agosti mwaka huohuo, mkuu wa shirika la ajira, Detlef Scheele, akaitaja nambari hiyo hadharani, na tangu hapo haijatoka kwenye mjadala. Mwaka 2023 sheria ya wahamiaji wenye ujuzi ikalegezwa, na Juni 2024 ikaanza Chancenkarte, kadi ya kumwezesha mtu kuingia kutafuta kazi kabla hajapata mwajiri. Sisemi nambari moja ndiyo iliyopitisha sheria. Ila aliyesimama kuitetea alikuwa na kitu mkononi.

REHEMA: Mimi nina wasiwasi. Taasisi inalipwa na serikali, halafu tuiamini inapoizungumzia serikali?

HAMISI: Ni wasiwasi wa haki kabisa. Tuchukue kima cha chini cha mshahara. Ujerumani ilianza nacho kwa nchi nzima Januari 2015, yuro 8.50 kwa saa. Wafanyakazi kama milioni 4 walikuwa chini ya hapo. Kabla yake kuna wachumi waliotabiri kwamba kazi hadi 900,000 zingepotea. Sasa, kule mwajiri lazima amripoti mfanyakazi kwenye hifadhi ya jamii: ameanza lini, ameacha lini, amelipwa kiasi gani. Taarifa hizo hufika Nürnberg, na watafiti huzisoma majina yakiwa yameondolewa.

REHEMA: Ngoja kidogo. Kima kinahesabiwa kwa saa. Ripoti inataja saa?

HAMISI: Umegusa penyewe. Malipo yamo, saa hazimo. Mwajiri angeweza kupandisha malipo ya saa, akakata saa, na mwisho wa mwezi mtu akaenda nyumbani na fedha ileile. Ikabidi watafiti, wa IAB wakiwemo, watumie pia kumbukumbu za bima ya ajali kazini, kwa sababu kwa miaka kadhaa saa ziliandikwa humo. Walichokuta: mishahara ya chini ilipanda, ajira kwa jumla haikupungua, na baadhi ya watu walihamia kampuni kubwa zaidi zinazolipa vizuri.

REHEMA: Na hakuna aliyeumia?

HAMISI: Wapo. Kampuni ndogo zenye malipo duni zilipungua. Halafu kuna Minijob, vibarua ambavyo wakati huo mwisho wake ulikuwa yuro 450 kwa mwezi, bila hifadhi kamili ya jamii. Kwa yuro 8.50, hizo 450 zinaisha ndani ya saa 52 hivi. Mfanya usafi aliyezoea saa 70 kwa malipo hayohayo, ama apunguziwe saa, ama aandikishwe kazi ya kawaida yenye hifadhi kamili. Vibarua hivyo vilishuka ghafla. Vingi viligeuka kazi za kawaida, vingine vikapotea, na IAB ikayaandika yote mawili. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuiheshimu.

REHEMA: Kwa hiyo walipokipandisha kima cha chini hadi yuro 12...

HAMISI: Oktoba 2022. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa, bunge liliamua lenyewe bila kusubiri tume inayopendekeza viwango. Lakini hofu ya kazi 900,000 haikuwa na nguvu tena. Miaka saba ya taarifa ilikuwa mezani.

REHEMA: Turudi kwa muuguzi wa Kisumu au Mombasa anayejifunza Kijerumani sasa hivi.

HAMISI: Huyo asome utafiti ambao IAB waliutoa 2025. Waliwauliza wahamiaji wapatao 50,000 walioko Ujerumani, na 26 kwa kila 100 wakasema wamefikiria kuondoka katika mwaka uliopita. Walitaja hali ya kisiasa, kodi, na urasimu wa ofisini. Na wenye elimu kubwa na kipato kizuri ndio waliofikiria zaidi.

REHEMA: Yaani walewale walioitwa kwa sheria mpya.

HAMISI: Walewale. Na anayesema hivyo ni taasisi ya serikali yao wenyewe. Mimi ningependa kuona sisi pia tukiwauliza wetu walioko kule: vyeti vyao vilitambuliwa baada ya muda gani, na wanafanya kazi waliyosomea au nyingine?

REHEMA: Mlioko Ujerumani, tutumieni majibu yenu kwa sauti. Kipindi kijacho tunaanza na hayo.