Nani Atashika Mwiko? Somo la Shule ya Gando

Ndugu wanafunzi, mafundi, na wazee wangu wa kamati za shule, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie majengo ya kisasa yanayopatana na mazingira na watu wake. Siku hizi ghorofa la vioo likipandwa miti kwenye roshani tayari tunaliita la kijani, hata kama viyoyozi vyake vinanguruma kutwa. Mimi nitawapeleka Gando, kijiji cha Burkina Faso, na huko ndiko tutakaa zaidi.

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré alizaliwa Gando mwaka 1965. Kijiji hakikuwa na shule, hivyo akiwa na miaka saba alipelekwa Tenkodogo, akasomea kwenye darasa lililosongamana watoto na joto lisilovumilika. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kujifunza useremala Ujerumani, baadaye akasomea usanifu majengo Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha za kujenga shule kwao, ikakamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 shule hiyo ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani. Tuzo tuziache hapo, tutazame ukuta.

Ukuta ni udongo wa palepale, ukachanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hakuna tofali lililochomwa. Sisi tukitaja tofali la udongo, wengi tunawaza tanuri, na tanuri linakula miti. Ukuta mnene wa udongo huchelewa kupata moto, kwa hiyo jua la saa saba haliwahi kuingia darasani. Adui yake ni maji. Wanakijiji walilijua hilo vizuri, wakamhoji: mvua ikija, nyumba ya udongo itasimama vipi?

Jibu lake liko kwenye paa. Bati limetokeza mbali nje ya ukuta ili mvua isiuguse. Halafu, na hapa ndipo ninapopapenda, bati halikulalia ukuta. Limeinuliwa juu ya dari kwa viunzi vya nondo, na katikati upepo unapita. Dari ni ya matofali ya udongo yenye mianya. Jua likipiga bati, hewa iliyo chini yake hupata joto na kutoka, huku hewa ya moto ya darasani ikipanda kupitia mianya ya dari, na hewa mpya ikiingia madirishani. Hakuna feni inayozunguka. Ninyi mliosoma au kufundisha chini ya bati tupu lisilo na dari mnaijua saa nane mchana ilivyo, na mnajua mvua ikinyesha kipindi kinakuwa kimekwisha.

Kwa nini nondo? Vyuma vikubwa vingetaka kreni na barabara ya kupitisha lori kubwa. Nondo kijana wa kijijini anaikata kwa msumeno wa mkono na kuiunga kwa mashine ndogo ya kuchomelea, akishafundishwa. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika jengo lile, kwa sababu tangu kwenye ramani uliwapa nafasi watu wa Gando.

Na walikuja. Watoto walibeba mawe ya msingi. Wanawake waliteka maji, wakaiponda sakafu ya udongo hadi ikawa laini. Sisi Watanzania nasi tuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, tuna nguvu za wananchi, na shule nyingi za nchi hii zimesimama kwa jasho hilo. Lakini tuseme ukweli: mwananchi wetu husomba mchanga na maji, kisha fundi wa mjini humaliza kazi na kuondoka na ujuzi wake. Gando ujuzi ulibaki. Vijiji jirani vilijenga shule zao, na vijana waliofunzwa wakaitwa kwenye miradi mingine. Bati likilegea, wa kulikaza yupo.

Kwenye maktaba ya shule hiyohiyo wanawake walileta vyungu vyao, vikakatwa juu na chini, vikapangwa kwenye dari kabla ya kumwaga zege. Mwanga unashukia humo, na joto linatokea humohumo.

Kazi hii imefika hata Kenya. Kando ya Ziwa Turkana, Kéré amejenga chuo cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake mirefu inafuata umbo la vichuguu vya mchwa wa eneo hilo, na hewa ya moto hupandia humo na kutoka juu.

Kwetu vifaa vipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa bila kuni. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye makadirio ya gharama: fedha za kuwafunza vijana wa mtaa wakati ujenzi ukiendelea. Wazee wa kamati, mkiletewa ramani ya darasa, uulizieni mstari huo kabla hamjatia sahihi. Sasa naomba mafundi waanze kuuliza, kisha wanafunzi.