Fundi Tom Morris na Mpira wa Manyoya

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, asanteni. Walionisikiliza kabla ya leo wanajua ninakoelekea, na naona wengine wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Maadamu watu wanaendelea kumwita Tom Morris, yule mchezaji gofu wa kale, “bingwa mara nne” kisha wananyamaza, nami sitachoka kusema: mzee yule alikuwa fundi kwanza.

Ubingwa wake wa mashindano ya gofu ya Open, wa 1861, 1862, 1864 na 1867, mnaujua. Mimi nawapeleka jikoni. Naam, jikoni, maana karakana ya Allan Robertson, mtengeneza mipira, pale St Andrews, Scotland, ilikuwa jiko la nyumba yake. Tom, mzaliwa wa mji huo mwaka 1821, aliingia humo angali kijana: miaka minne ya uanagenzi, kisha mitano akiwa fundi wa kuajiriwa. Kazi yenyewe ni kushona mipira ya gofu. Unaloweka vipande vya ngozi, unavishona, unaugeuza mfuko ili mshono ubaki ndani, unaacha kitundu. Halafu manyoya ya bukini yaliyochemshwa, ya kujaza kofia nzima, unayashindilia yote kwenye kitundu hicho kwa chuma unachokisukuma kwa kifua. Kwa kifua, jamani! Ngozi ikikauka inanywea, manyoya yakikauka yanafura, mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Fundi hodari alitoa mitatu au minne kwa siku, huku vumbi la manyoya likimwingia mapafuni. Mwaka 1844 jiko lile lilitoa mipira 2,456. Pigeni hesabu wenyewe.

Mwaka 1848 ukaingia mpira wa utomvu wa mti kutoka Malaya, kusini-mashariki mwa Asia: gutta-percha. Unaulainisha kwa maji moto, unaufinyanga viganjani, unautumbukiza kwenye maji baridi, kwisha kazi. Mpira mmoja shilingi moja tu, tena haufumuki ukilowa. Allan akaona njaa inabisha hodi. Husimuliwa kwamba alikuwa akiinunua mipira hiyo kwa watoto walioiokota vichakani, akaichoma moto.

Siku moja Tom anacheza na bwana mmoja, Campbell wa Saddell, mipira ya manyoya ikamwishia. Bwana akamwazima wa utomvu. Wakarudi wakipishana na Allan uwanjani, habari zikamfikia. Waligombana, Tom akaondoka na kufungua duka lake.

Najua kuna atakayenyoosha mkono aseme Allan alikuwa adui wa maendeleo. Haya, wewe ukiamka kesho ukakuta kazi uliyoisomea miaka tisa inafanywa na mtoto mwenye sufuria ya maji moto, utapiga makofi? Na Allan mwenyewe alisalimu amri, akatengeneza hiyo ya utomvu. Mwaka 1858 aliuzunguka uwanja wa St Andrews kwa mikwaju 79, wa kwanza anayejulikana kushuka chini ya 80, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Mwaka uliofuata akafa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mbio mbio: 1851 Tom anakwenda Prestwick, anatengeneza uwanja wa mashimo 12. Oktoba 1860, kwenye Open ya kwanza, wachezaji wanane wa kulipwa wanauzunguka mara tatu kwa siku moja. Willie Park wa Musselburgh, naye mtengeneza fimbo aliyeanza kama kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, anashinda kwa mikwaju 174, Tom 176. Zawadi ni mkanda wa ngozi nyekundu, hata senti hakuna! Bingwa wa kwanza kupewa fedha ni Tom, 1864: pauni 6.

Akarudishwa St Andrews kutunza uwanja kwa pauni 50 kwa mwaka, na duka lake la fimbo likakaa kando ya shimo la 18. Jumapili uwanja ulifungwa: nyasi nazo zipumzike. Siku nyingine alikuwa akimpigia kelele msaidizi wake, “Mchanga zaidi, Honeyman!” kwa kuwa aligundua mchanga unastawisha nyasi. Hapo nilikuwa na mengi, ila sijaachiwa muda. Na mwanawe Tommy, bingwa mara nne pia, aliyefariki akiwa na miaka 24, anastahili mhadhara wake. Niulizeni maswali, lakini si kuhusu vikombe.