Chekechea ya Bure Marekani: Nani Anapanga Kituo Kilipwe Ngapi?

Karibuni tena, ndugu watazamaji mlioko nyumbani. Mkisikia kwamba Marekani mtoto wa miaka minne anasoma bure, msidhani serikali imejenga chekechea kila mtaa. Vituo vingi ni vya watu binafsi, vya makanisa au vya mashirika, na mara nyingi serikali inavilipa kwa kila mtoto. Leo nataka tuone hicho kiwango cha malipo kinatoka wapi, na kwa nini kituo kilichojaa watoto kinaweza kufunga milango huku serikali ikilipa.

Mifuko iko mitatu. Wa kwanza ni Head Start, mpango wa chekechea kwa watoto wa familia maskini, ulioanza 1965: fedha zake zinatoka Washington, yaani serikali kuu, moja kwa moja hadi kwa shirika linaloendesha. Ni ruzuku ya mradi mzima. Wa pili ni chekechea za majimbo. Oklahoma, tangu 1998, imewaingiza watoto wa miaka minne wote kwenye fomula ileile ya shule: wa nusu siku anahesabiwa kama mwanafunzi 0.7, wa siku nzima kama 1.3. Georgia inatumia fedha za bahati nasibu ya jimbo. Mfuko wa tatu ni CCDF, wa malezi na elimu ya awali kwa familia za kipato kidogo: Washington inatoa sehemu kubwa ya fedha, jimbo linapanga viwango. Huu ndio wenye purukushani, tukae hapo.

Jimbo linapeleka mpango wake kila miaka 3. Kabla ya kuupeleka, lazima liwe na utafiti wa bei za soko ambao haujapita miaka 2, au litumie njia mbadala iliyoidhinishwa. Utafiti unafanyika hivi: vituo vyenye leseni vinapigiwa simu au kutumiwa dodoso. Mtoto mchanga unatoza ngapi? Wa miaka miwili? Wa minne? Kwa saa, kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi? Majibu yanabadilishwa yawe ya kipimo kimoja, kisha yanatenganishwa kwa umri, kwa eneo, na kwa aina ya huduma, maana malezi ya nyumbani kwa mtu hayachanganywi na kituo kikubwa. Halafu bei zinapangwa foleni, ya chini mbele, ya juu nyuma. Chukulia nafasi 100: bei iliyosimama ya 75 ndiyo pasentaili ya 75. Jimbo likilipa hapo, mzazi mwenye ruzuku anazifikia nafasi 75 kati ya 100. Serikali kuu imeipendekeza hiyo 75 kwa miaka mingi. Imependekeza tu, haijaamrisha, na majimbo mengi yamekuwa yakilipa chini yake.

Sasa shida yenyewe. Bei ni kitu kimoja, gharama ni kingine. Kituo kilicho kwenye mtaa wa watu wa kipato kidogo hakitozi kile kinachohitajika kumlipa mwalimu. Kinatoza kile ambacho mzazi ana uwezo wa kutoa. Mwalimu ndiye anayefidia pengo, kwa mshahara mdogo. Utafiti ukipita hapo unaiokota ile bei ndogo, unaiandika kama "soko", na jimbo linaifanya kiwango rasmi. Ufukara wa mtaa unarudi kwa mlango wa serikali ukiwa na muhuri.

Watoto wachanga ndio wanaoumia zaidi. Majimbo mengi yanadai mtu mzima mmoja kwa wachanga wanne hivi, wakati darasa la miaka minne linaweza kuwa mmoja kwa kumi. Kituo hakithubutu kumtoza mzazi wa mchanga gharama kamili, kwa hiyo darasa la miaka minne linalibeba darasa la wachanga. Jimbo likiwahamishia watoto wa miaka minne shule za umma bila kugusa kiwango cha wachanga, kituo kinabaki na wale wanaokitia hasara.

Ndiyo maana kuna njia mbadala: kukadiria gharama. Wilaya ya Columbia, yaani jiji la Washington, na jimbo la New Mexico ni miongoni mwa waliotangulia. Hapa huulizi mtu anatoza ngapi. Unajenga darasa kwenye karatasi. Tufanye moja, na takwimu ni za mfano tu. Watoto 20. Mwalimu dola 48,000 kwa mwaka, msaidizi 34,000, jumla 82,000. Ongeza asilimia 20 ya kodi za mwajiri na marupurupu: 98,400. Mkurugenzi na walimu wa akiba, sehemu ya darasa hili, 30,000. Pango, umeme na maji, 24,000. Chakula, vifaa na bima, 22,000. Jumla 174,400.

Mtu wa haraka atagawanya kwa 20 apate 8,720, yaani dola 727 kwa mwezi. Amekosea. Hakuna darasa linalojaa mwaka mzima: mtoto anahama, nafasi inakaa wazi wiki kadhaa, karatasi za ruzuku zinachelewa. Gawanya kwa watoto 17, yaani asilimia 85, upate 10,259 kwa mwaka, dola 855 kwa mwezi. Tofauti ni dola 128 kwa kila mtoto, kila mwezi, na mwalimu ni yuleyule, pango ni lilelile. Mkipewa ripoti ya viwango, msianze na mshahara. Tafuteni kwanza wamegawanya kwa ngapi.

Hata kiwango kikiwa kizuri, kinacholipwa kweli ni hadithi nyingine. Kwanza, kwenye kiwango hicho unakatwa mchango wa mzazi, na mzazi asipotoa, kituo ndicho kinachohangaika kumdai. Pili, majimbo mengi yanalipa kiwango cha jimbo au bei ya kituo, ile iliyo ndogo. Kituo kilichowahurumia wazazi kwa bei ya chini kinajifunga chenyewe. Tatu, mahudhurio. Mtoto akiugua siku 5, wapo wanaokata siku 5, ingawa mwalimu hakupunguziwa mshahara. Nne, muda: ukihudumia mwezi mzima kisha ukalipwa mwezi unaofuata, unahitaji akiba ambayo vituo vidogo havina. Kanuni za serikali kuu za 2024 ziliyataka majimbo yalipe kabla ya huduma, kwa uandikishaji badala ya mahudhurio, ziliweka kikomo cha mchango wa mzazi kwenye asilimia 7 ya kipato cha familia, na zilitamka kwamba jimbo linaruhusiwa kulipa zaidi ya bei ya kituo. Majimbo yakaruhusiwa kuomba muda wa kujipanga.

Nyongeza za nyota za ubora, yaani alama ambazo jimbo linakipa kituo kwa ubora wake, nitazigusa tu. Kituo chenye nyota nyingi kinaongezewa asilimia fulani. Wazo ni zuri, ila nyongeza hailingani na gharama ya kumpata mwalimu mwenye shahada, na ikishindwa kumlipa, mwenye kituo anafanya hesabu na kubaki na nyota zake chache.

Halafu kuna bunge la jimbo. Fedha za CCDF zina kikomo, hata kama familia zinazostahili ni nyingi kuliko nafasi. Mfuko usipoongezwa, kila dola inayopandisha kiwango inapunguza idadi ya watoto wanaolipiwa. Mwanasiasa anaweza kutangaza kiwango kipya cha juu asubuhi, na mchana ofisi ya ruzuku ikafungua orodha ya kusubiri. Au akafanya kinyume: akaongeza watoto kwa kiwango cha zamani, akapigwa picha, na wazazi wakabaki na barua ya ruzuku mkononi wakizunguka kutafuta kituo kitakachoipokea.