Usiiwashe Kwanza: Mhadhara Kuhusu Kufufua Kompyuta za Nyumbani za Uingereza

Mabibi na mabwana, kompyuta mnayoiona juu ya meza hii haijachomekwa kwenye umeme, wala haitachomekwa mpaka nimalize kuzungumza. Nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu neno moja nililokuja nalo leo ni kwamba mashine hizi haziuawi na uzee kama wengi wanavyodhani. Mara nyingi huuawa na mtu aliyezipenda, siku ile ile aliyozipata, kwa haraka yake ya kutaka kuona kama zinawaka.

Nianze na mashine zenyewe. Mwaka 1980 kampuni ya Clive Sinclair ilitoa ZX80 kwa pauni 99.95, na mwaka uliofuata ikatoa ZX81 kwa pauni 69.95, au 49.95 kwa mnunuzi aliyekuwa radhi kuletewa vipande akaviunganishe mwenyewe kwa pasi ya kulehemu. Desemba 1981 ikaja BBC Micro, iliyosanifiwa na kampuni ya Acorn mjini Cambridge kwa ajili ya mradi wa BBC wa kuwafundisha wananchi kompyuta, mashine imara na ya ghali ambayo iliingia katika shule nyingi sana za nchi ile. Tarehe 23 Aprili 1982 Sinclair akajibu kwa ZX Spectrum, pauni 125 kwa ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 na pauni 175 kwa yenye kilobaiti 48. Kompyuta nyingine za wakati ule, yaani Dragon ya Wales, Oric na Jupiter Ace, nazitaja kwa heshima tu na kupita. Mwaka 1986 kampuni ya Amstrad iliinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair kwa pauni milioni 5, na zama zile zikaanza kufungwa.

Angalieni bei hizo vizuri, kwa maana ndizo ramani ya fundi. Ukijua msanifu alibana matumizi wapi, unajua mashine itakufia wapi. Spectrum ya kilobaiti 48 ina safu mbili za chipu za kumbukumbu, nane nane. Safu ya pili ina chipu ambazo zilitengenezwa ziwe na uwezo wa kilobiti 64 kila moja (biti nane ni baiti moja), zikaonekana kiwandani kuwa nusu yake ni mbovu, na badala ya kutupwa zikauzwa kwa bei ya chini kama chipu za kilobiti 32. Kwenye bodi kuna kipande kidogo cha waya kinachoiambia mashine ni nusu ipi iliyo nzima. Asiyelijua hilo hubadilisha chipu moja iliyokufa kwa nyingine yenye jina lile lile, lakini ambayo nusu yake nzima ni ile ya upande wa pili, kisha akakesha usiku kucha akitafuta kosa ambalo amelitia kwa mkono wake.

Safu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Chipu zake zinahitaji umeme wa aina tatu kwa pamoja, yaani volti 12, volti 5 na volti hasi 5, ilhali transfoma ya nje inaleta volti 9 peke yake. Kazi ya kuzalisha volti 12 na volti hasi 5 imeachiwa koili moja ndogo na transista mbili. Mtu akichomoa kifaa cha nyuma, tuseme cha kuchezea michezo, wakati mashine inawaka, transista huungua, volti hasi 5 hutoweka, na chipu zinazoitegemea huanza kuchemka na kufa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo Spectrum iliyokaa darini miaka thelathini huenda ina transista moja tu iliyoungua na chipu moja iliyokufa. Wewe ukiiwasha kwa dakika tano ili uone tu, unaziua zile saba zilizobaki. Na kumbukeni kwamba mashine hii haina swichi, hivyo kuichomeka ndiko kuiwasha. Tena ncha ya ndani ya plagi yake ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za siku hizi, na adapta ya kuokotwa droo ya jikoni inaweza kumaliza kila kitu kabla hujavuta kiti.

BBC Micro ina mtego wake. Ndani ya kisanduku chake cha umeme mna kapasita za karatasi, yaani vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme, zilizowekwa kuzuia makelele ya umeme wa ukutani. Ganda la plastiki angavu la kila kapasita hupata nyufa nyembamba kama za kikombe cha kaure, unyevunyevu ukaingia polepole, na siku moja, pengine nusu saa baada ya kuwashwa, kapasita hupasuka na chumba kikajaa moshi mzito wenye harufu isiyotoka haraka kwenye mapazia. Mara nyingi kompyuta yenyewe haidhuriki, lakini mwenye nyumba hatasahau. Zibadilisheni kabla ya kuwasha, bila kujipa visingizio, na kama hamjazoea umeme mkubwa mpeni kazi hiyo anayejua, kwa maana kisanduku hicho huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Haraka haiko kwenye umeme peke yake. Spectrum yangu ya kwanza niliifungua kwa bisibisi, skrubu tano za chini, nikainua kifuniko kwa nguvu nikiwa nimesimama. Kibodi imeunganishwa na bodi kwa tepe mbili nyembamba za plastiki, moja ya njia nane na nyingine ya njia tano, ambazo kwa umri zimekauka kama jani la mgomba lililoachwa juani. Nilisikia mlio mdogo tu. Tepe moja ilikuwa imekatika, na vitufe vyangu vikawa bubu. Utando mpya wa kibodi, ambao tepe hizo ni sehemu yake, hupatikana, maana wapenzi wa mashine hizi bado wanautengeneza, lakini ili uuweke ni lazima ubandue bamba la alumini lililogandishwa juu yake. Nalo hilo ukilivuta bila kulipasha joto kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele, linakunjika, na mkunjo huo haunyooki tena kamwe.

Kuna wanaotaka mashine irudi kuwa mpya, na hapo mimi huachana nao. Katika baadhi ya Spectrum za toleo la kwanza utakuta chipu ndogo imebandikwa kifudifudi, miguu juu, na nyaya zikitoka pembeni. Wenyewe huiita mende mfu. Iliongezwa kurekebisha kosa lililogunduliwa baada ya chipu kuu kusanifiwa, nayo ni ushahidi wa haraka ya kampuni kufika sokoni. Usimng'oe mende huyo kwa ajili ya usafi. Vivyo hivyo siipendi sana desturi ya kulowesha maganda yaliyogeuka manjano katika haidrojeni peroksaidi chini ya jua, kwa kuwa yakishakuwa meupe rangi ya manjano aghalabu hurudi, na ukikosea yanatoka na mabaka. Kuhusu picha, nina msimamo laini zaidi: nyaya mbili zinazokwepa kifaa kinachogeuza picha kuwa mawimbi ya kuingia tundu la antena la runinga, ili picha itoke safi, ni badiliko ambalo mrithi wako anaweza kulitengua kwa dakika kumi.

Mashine hii ya mezani, ambayo ni Spectrum, niliipima jana kwa mita. Volti zote tatu zipo, na hakuna chipu inayochoma kidole. Sasa naichomeka. Skrini imekuwa nyeusi, imekuwa nyeupe, na pale chini mnasoma © 1982 Sinclair Research Ltd. Nabonyeza J, na neno zima LOAD, yaani pakia programu, limejitokeza kwa kitufe kimoja. Naongeza alama mbili za nukuu na ENTER. Kijana uliye karibu na kinasa, tafadhali cheza kaseti yenye programu. Naam, michirizi myekundu na ya samawati imeanza pembezoni, na sasa imegeuka bluu na njano. Itachukua kama dakika tano, kwa hiyo maswali yenu nayapokea sasa hivi.