Zambia: Kazi sio kuingia Ikulu, kazi ni kutoka

Wazee wangu mliokaa mbele shikamooni, na nyie vijana wa kule nyuma mambo vipi, sogeeni basi viti vipo, mi siumi mtu. Nimepewa nusu saa niongelee Zambia. Sasa kwa watu wa Mbeya Zambia ni jirani wa ukutani, ukishuka Tunduma unavuka barabara tu ushafika Nakonde, Wanyamwanga wako huku na huku, lakini siasa zao hatuzijui kivile, tunajua Kaunda na leso yake nyeupe, tunajua TAZARA, basi.

Mi nina jambo moja tu leo. Wazambia wamewang'oa marais kwa kura mara tatu, 1991, 2011 na 2021, na wote watatu waliondoka bila vita, hilo tuwape heko. Ila ukishatoka tu, anayeingia anaanza na wewe.

Uhuru ni tarehe 24 Oktoba 1964, rais wa kwanza Kaunda na chama chake cha UNIP. Mwaka mmoja baadae Ian Smith wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, anajitangazia uhuru wake, na shaba ya Zambia karibu yote ilikuwa inapita kusini kwake, ndo ukaona bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968 na baadae ile reli ya kilometa 1,860 na Wachina. Hayo mnayajua, nayapita. Kuna mtu anaitwa Simon Kapwepwe, huyu alikua na Kaunda toka utotoni huko Chinsali, akawa makamu wake wa rais kabisa. 1971 akaanzisha chama chake, UPP, na Februari 1972 chama kikafungiwa na Kapwepwe mwenyewe akawekwa ndani. Kufika 1973 katiba inasema chama ni kimoja tu. Kwa hiyo tusimfanye mzee Kaunda malaika, na yeye alikuwa na rungu lake.

Sasa njoo kwenye unga, maana Zambia bila nshima, ugali wao, hujala. Shaba imeshuka bei miaka ya sabini huko, madeni yamejaa, IMF wanataka ruzuku ya unga iondoke, Juni 1990 serikali ikapandisha bei ya unga mara mbili na ushee kwa mpigo mmoja. Lusaka ikawaka, maduka yakavunjwa, watu zaidi ya ishirini wakafa. Siku chache mbele, tarehe 30 Juni alfajiri, luteni mmoja Mwamba Luchembe akaiteka redio ya taifa na kutangaza kwamba Kaunda kapinduliwa. Mzee wangu alikuwa na kiduka Tunduma na redio yake ilikuwa inakamata Lusaka vizuri kuliko Dar, alikuwa anatusimulia kwamba aliacha kupima sukari akabaki na kijiko hewani. Yale mapinduzi hayakufika hata saa ya chai, Luchembe akakamatwa, lakini wakati yeye anaongea redioni watu walishatoka mabarabarani wanacheza! Nadhani pale ndo mzee alijua, jeshi unaweza kulizima, lile shangwe utalizima na nini?

Desemba mwaka huohuo vyama vingi vikaruhusiwa, na tarehe 31 Oktoba 1991 Frederick Chiluba, mtu wa vyama vya wafanyakazi ambaye Kaunda alishamweka ndani 1981, akapata asilimia 75 na kitu. Kaunda akaenda kwenye tivii, akakubali, akaondoka. Miaka 27 imeisha hivyo, na kipindi kile Afrika ilikuwa nadra mno.

Na malipo yake? 1996 katiba ikabadilishwa, mgombea urais lazima wazazi wote wawili wawe Wazambia wa kuzaliwa, na kila mtu alijua wazazi wa Kaunda walitokea Nyasaland, Malawi ya leo. Krismasi ya 1997 wakamkamata kwa kesi ya jaribio jingine la mapinduzi, akagoma kula, mpaka Mwalimu Nyerere akapanda kwenda kumuona gerezani Kabwe na kumsihi ale. 1999 jaji wa Ndola akasema huyu sio raia wa nchi yoyote! Mtu aliyeitawala nchi miaka 27 jamani.

Chiluba naye 2001 akataka muhula wa tatu. Wazambia hawakuandamana sana, wakafanya kitu cha kijanja: mawakili, makanisa na vikundi vya wanawake walikutana kwenye mgahawa mmoja Lusaka unaitwa Oasis, wakajiita Oasis Forum, watu wakavaa utepe wa kijani, na kila Ijumaa saa 11 jioni mwenye gari anapiga honi. Honi tu. Sasa polisi utamkamata nani, foleni nzima inalia! Mei 4 Chiluba akatangaza hagombei. Akamweka Levy Mwanawasa akijua ni mtu wake, na mwaka uliofuata Mwanawasa huyohuyo akaliambia bunge wamvue Chiluba kinga ya kutoshtakiwa. Ndo zikaja zile stori za viatu jozi mia na zaidi, visigino vimenyanyuliwa maana jamaa alikuwa mfupi. London mahakama kwenye kesi ya madai ikaamuru alipe mamilioni ya dola, Lusaka 2009 mahakama ya jinai ikamwachia.

Rupiah Banda, aliyemrithi Mwanawasa, akaangushwa na Michael Sata 2011, akavuliwa kinga 2013. Waliosalimika ni Mwanawasa na Sata, na hao walifia madarakani, mmoja Paris 2008, mwingine London 2014.

Halafu Edgar Lungu, rais aliyemfuata Sata. Aprili 2017 wote walikuwa wanaelekea Mongu kwenye Kuomboka, ile sherehe ya Walozi ya mfalme kuhamia nchi kavu mafuriko yakija, msafara wa mpinzani wake Hakainde Hichilema haukuupisha msafara wa rais barabarani. Kesi: uhaini! Miezi minne ndani. Agosti 2021, akigombea mara ya sita, Hichilema akashinda kwa tofauti ya kura karibu milioni moja, vijana wakimwita Bally, yaani kama sisi tunavyosema mshua.

Lungu akarudi kwenye siasa, 2023 akanyang'anywa marupurupu ya rais mstaafu, Juni 5, 2025 akafia Pretoria. Familia ikasema marehemu hakutaka Hichilema asogelee hata jeneza, ikaamua kumzika hukohuko Afrika Kusini tarehe 25. Siku ya mazishi yenyewe, wameshavaa nyeusi, ikabidi waende mahakamani badala ya makaburini, maana serikali ya Zambia ilishafungua kesi inautaka mwili. Agosti mahakama ikaipa serikali ushindi, familia ikakata rufaa.

Haya, kuna mama pale nyuma kanyoosha mkono tangu nilipotaja viatu vya Chiluba. Karibu mama, mpeni maiki.